Usizime, Acha Oili Izunguke

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mswaki. Si utani. Shefu wa gereji, mzee mnene aliyekulia Burundi na kuchanganya Kifaransa hata akipiga chafya, alinitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili.

"Mama, unajua kuosha mtoto?"

"Nimeosha sita."

"Bon. Huyu ni wa saba. Usimvunje mbavu."

Mtoto mwenyewe alikuwa rejeta ndogo ya oili ya giaboksi, imetolewa kwenye gari kubwa lililotoka safari. Mbavu zake nyembamba zilikuwa zimejaa matope na panzi waliokufa. Nilisugua kwa sabuni, taratibu, kisha nikaiinua juani. Mtaa wetu wote wa Gikondo nikauona kupitia mbavu zile, mabati na moshi na miti, umekatwa vipande vidogo vidogo vinavyometameta. Nilisimama pale kama niliyesinzia. Kazi ile ilinishika hapo hapo, nikiwa na povu mpaka kwenye viwiko.

Ninyi vijana mnadhani gari kubwa husukumwa na injini basi. Gari la otomatiki lina konvata, bakuli la chuma lililofungwa kati ya injini na giaboksi, limejaa oili. Nguvu ya injini hupita ndani ya oili hiyo ndipo ifike kwenye magurudumu. Gari zito likipanda kilima polepole, oili huchapwa mle kama mayai, ikapata joto. Inatoka kwa bomba, inakwenda mbele ya gari kwenye ile rejeta ndogo, inapigwa upepo, inapoa, inarudi. Inazunguka hivyo siku zote, nyekundu kama juisi ya rosela. Mpaka leo huota nikiwa ndani ya bomba lile, naelea, mara joto, mara upepo, wala siogopi.

Joto lake la kawaida ni nyuzi themanini mpaka tisini na kitu. Kila gari lina tabia yake. Kwenye vilima vyetu likipita mia kidogo, usilie. Likikaribia mia na ishirini, lia. Oili iliyoungua huwa kahawia na hunuka kama karanga zilizosahauliwa jikoni, na giaboksi yake huanza kuteleza: unakanyaga, injini inapiga kelele, gari halitaki.

Madereva waliingia gereji wakitoka jasho, kitu cha kwanza wanazima injini. Shefu alikuwa anatoka mbio na tumbo lake. "Non, non, usizime! Weka gia P, ya kuegesha, acha ingurume!" Kisha ananigeukia mimi. "Mama, waambie kwa nini, mimi nimechoka na hawa." Nami nawaambia: pampu ya oili inazungushwa na injini. Ukizima, oili inasimama palepale penye moto, kama maharage yaliyokaukiwa maji. Maji ya injini yakichemka ni habari nyingine, hapo zima. Lakini ikiwa ni oili ya giaboksi peke yake, acha izunguke.

Shefu alipozeeka nilihamia Remera, kwenye yadi ya magari makubwa ya kukodisha kwa wageni na maharusi. Meneja alikuwa dada aliyekulia Uganda, viatu virefu, hacheki. Alinikabidhi gari moja jeupe, kubwa kama nyumba ya padri. Nililitunza miaka mingi. Siku ya kustaafu alinishika mkono. "Mukecuru, bibi yetu, zawadi yako ni hilo jeupe. Mjukuu wako akiolewa, litambeba yeye bila kulipa."

Nililia mbele ya watu. Mama yangu alikwenda kuolewa kwa miguu. Mimi nilipanda lori la ndizi, nikashuka kanisani na utomvu kwenye gauni, na utomvu wa ndizi hautoki, mnajua. Nilitaka Ineza wangu, mjukuu niliyemlea mwenyewe, afike safi ndani ya gari lile, na afike mapema.

Siku ikafika. Tulitoka nyumbani Kagarama, mimi mbele pembeni ya dereva Kalisa, Ineza nyuma na shangazi wa bwana harusi. Shangazi huyo alipamba gari kwa mikono yake: kitambaa cheupe na mawaridi yamefunika uso wote wa gari, kutoka taa mpaka taa. Niliyaona, nikaona uzuri tu. Padri alikuwa ametuonya kwamba maharusi ni wengi, atakayechelewa atangoja wengine wote waishe.

Mpiga video alikuwa amechomoza kwenye gari la mbele. "Polepole! Polepole zaidi, bi harusi atoke vizuri!" Tukapanda kilima kwa mwendo wa kinyonga. Ineza alikuwa anaimba kwa sauti ndogo, mwanga unapita kwenye shela yake, nami nikawa nusu ndotoni. Kalisa akakohoa.

"Nyogokuru, bibi, angalia geji. Oili ya giaboksi iko mia na kumi na tano."

Nikayatazama mawaridi. Yebaba we! Tumelifunga gari pua na mdomo.

"Simama pembeni. Weka P. Kiyoyozi funga."

"Nizime?"

"Usizime!"

Nilishuka na mshanana wangu, vazi la sherehe la kufunga begani, nikaanza kung'oa maua. Shangazi alishuka nyuma yangu. "Mama! Nimeyafunga tangu alfajiri! Umerogwa?"

"Gari linataka pumzi, dada. Shika upande huo."

"Sishiki!"

Ineza akateremsha kioo. Jasho lilikuwa linamchirizika, poda imeanza kutoka. "Nyogokuru, tutachelewa?"

"Tukisubiri kidogo tutafika. Tukilazimisha, utafika kwa miguu."

"Basi nileteeni maua hapa."

Akatandaza mikono. Shangazi alimtazama, akashika upande wake wa kitambaa. "Miiba hii ikimchana gauni, ni wewe," akaniambia, huku akivunja miiba kwa kucha zake mwenyewe. Tukamjazia mapaja mawaridi mpaka kidevuni. Injini ilinguruma. Kalisa akawa anaisoma geji. Mia na kumi. Mia na tano. Tisini na nane.

"Sasa," nikamwambia Kalisa, "tia gia ya chini, panda kwa mwendo wa maana. Huyo wa video atukimbize yeye."

Padri alikuwa mlangoni anatazama saa, akatuashiria tuingie. Ineza alishuka amekumbatia maua yote yale, na gauni halikuwa na doa.

Siku hizi nakaa Kagarama barazani, nasikiliza magari makubwa yakipanda, nalijua linalopumua na linalokabwa. Jumapili wajukuu huweka ile video. Wao wanakimbilia penye pete. Mimi nawaambia rudisheni nyuma, pale mpiga video aliposimama nasi kilimani akasahau kuzima kamera yake: injini inanguruma, oili inazunguka, na mtoto wangu amenyoosha mikono dirishani anangoja maua.