Neno Alilolainisha Yasinta

Yasinta alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma hapa Singida mjini. Shirika lilipouzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Wenzake wengi walirudi vijijini. Yeye alichukua kiinua mgongo akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akapanga chumba mtaa wa Utemini cha kuchapia watu barua. Watu walimcheka. Kwa pesa ile wengine walinunua ng'ombe, wengine mashine ya kukamua alizeti.

Ni mwanamke mfupi, sauti yake ndogo. Tunamwita mama Belinda, kwa jina la binti yake. Mtu akimletea kazi, humpa kwanza kiti na maji. Kazi baadaye.

Nilimjua mwaka ule wa mvua nyingi. Mke wangu Martina alikuwa amefariki. Mtoto wetu wa kwanza, Amosi, alikuwa Uswidi kwa masomo. Alikuwa amehama, barua zikarudi.

Kwetu msiba hauishi mpaka tunyoe. Wa kwanza kunyolewa ni mzaliwa wa kwanza. Kama yuko mbali, hunyolewa huko huko, siku ile ile. Mtu hajinyoi mwenyewe, ndugu ndiye anayemnyoa. Kwa hiyo ilibidi Amosi ajue, na ajue kabla ya siku yenyewe. Sikutaka kingine.

"Shikamoo baba," Yasinta aliniambia. "Keti. Watanzania wa huko nje wana mahali pao pa kuzungumza, ndani ya kompyuta. Mmoja anaandika, wote wanasoma. Tumtafute hapo."

"Kwa simu?"

"Kompyuta hufika huko kwa kupiga simu Dar, na simu ya Dar inakula pesa. Ila nina programu ndogo, nimeletewa kutoka Arusha. Inapiga simu, inavuta makala zote mpya, inakata. Halafu nasoma taratibu, simu imelala. Na ninachoandika kinangoja humo ndani mpaka simu ipigwe tena."

Nikaelewa. Ni kwenda kisimani mara moja, ukajaza pipa, ukanywea nyumbani.

Nikamwambia, "Andika mama yake amekufa. Andika tunanyoa Jumamosi inayofuata Pasaka."

Akanitazama. Kisha nikamsikia akigonga. Sikuomba anisomee. Herufi za pale ni ndogo, na mimi kusoma nilikupata kwenye kisomo cha watu wazima, kwa chaki na ubao.

Tangu hapo nilikuwa nakwenda kila asubuhi. Mlango wa pili alikuwapo Festo, fundi redio.

"Baba Amosi, umekuja tena kusikiliza redio isiyosema?"

"Nimekuja kungoja."

"Ngojea kwangu basi. Huku angalau kuna muziki."

"Nina msiba, Festo."

Akazima redio zote.

Yasinta alinisomea yaliyovutwa. Mmoja aliuza gari. Wawili walitukanana kwa siasa. Mmoja aliuliza ugali unasongwaje kwa unga wa Wazungu, na waliomjibu walikuwa wengi kuliko waliojibu lolote jingine. Amosi hakuwamo.

Alhamisi baada ya Pasaka nilimkuta Yasinta amesimama.

"Amejibu," akasema. Hakuwa na furaha.

"Soma."

"Baba, shikamoo. Rafiki alinionyesha tangazo lenu. Nimeumia sana kusikia..."

"Endelea."

"...kusikia mama anaumwa. Mwambieni anisubiri. Nakuja Desemba, nimeanza kuweka nauli."

Nikasogea karibu na kioo. Chini ya maneno ya Amosi kulikuwa na mistari mingine. Kila mmoja ulianza na kishale.

"Hivi vishale ni nini?"

"Ni maneno yetu, baba. Anayejibu huyarudisha chini ya jibu lake, watu wajue anajibu nini."

Nikaweka kidole, nikasoma moja moja. Mama ni mgonjwa sana. Jitahidi uje. Kunyoa hakukuwapo.

"Mama Belinda."

"Abee."

"Mimi nilisema hivi?"

"Hukusema hivi." Akakaa. "Nilishindwa, baba. Yuko peke yake mbele ya mashine, hakuna wa kumshika. Nani kwetu anaambiwa msiba hivyo? Mimi wa mama yangu niliambiwa anaumwa. Nikaja na dawa kwenye mkoba. Nilipoona moto uwani na wanaume wamekaa, ndipo nikajua. Nikaanguka. Lakini mikono ilikuwapo."

Alisema kweli. Hata mimi, mtoto angekuwa Manyoni, ningemwambia mama anaumwa. Lakini wa Manyoni angefika kesho yake. Amosi alikuwa anahesabia Desemba.

"Inuka," nikamwambia.

Akainuka, nikakaa mimi. Akanionyesha herufi zilipo. Nikagonga kwa kidole kimoja. Amosi. Mama amekufa. Tunanyoa Jumamosi. Nyoa. Baba.

"Niongeze pole?" akauliza nyuma yangu.

"Usiongeze."

Siku ile simu ya Dar ilikataa. Alijaribu mpaka saa ya kufunga. Maneno yangu yakalala ndani ya mashine. Nilirudi nyumbani nikijua yako Utemini, na mtoto bado ana mama.

Ijumaa asubuhi yaliondoka.

Jumamosi ndugu walikusanyika. Redempta, binti yangu, alishika beseni la maji.

"Baba, kaka anajua?"

"Maneno yameondoka."

"Nimeuliza anajua?"

Nikakaa mahali pa Amosi, wembe ukapita.

Wiki iliyofuata Yasinta alikuja kwetu kwa miguu. Hakungoja niende. Alikuwa na karatasi, amechapa kwa herufi kubwa kama za ubaoni. Chini yalikuwapo maneno yangu na vishale vyake. Juu palikuwa na haya tu: Baba, nimenyoa. Amosi.

Hakusema siku gani. Desemba hakuitaja, na ilipofika hakuja.

Yasinta bado yuko Utemini. Mtu akimletea habari ya kifo, bado humpa kiti na maji. Halainishi tena. Ila kabla hajagusa mashine huuliza, "Huko yuko na nani?" Asipojibiwa, mikono yake hukaa mapajani kwa muda mrefu.

Kwa Amosi swali hilo hatukuuliza. Mpaka leo sijui ni nani alimnyoa.