Unga wa Manjano wa Mama Hakikisha

Mama Hakikisha alikuwa na amri moja: kitu asichokijua hakiingii shambani mwake. Miaka ishirini alinusa kila mbegu na kuisugua mbolea kiganjani kabla ya kuiamini. Hata sabuni mpya aliionja kwa ncha ya ulimi. Jirani alimbandika jina hilo kwa mzaha. Yeye akalipokea kama cheo.

Basi kitinda mimba wa kwao, bwana shamba wa kibarua, alipomletea mifuko miwili ya unga wa manjano, alikunja uso.

"Salfa, dada. Mahindi yako ya msimu uliopita yalikuwa kijani chini, njano juu. Majani machanga yakipauka hivyo, udongo umepungukiwa salfa."

"Na wewe umepungukiwa nini mpaka uje kujaribia kwangu?"

"Ajira ya kudumu. Jaribio likienda vizuri, wakuu wangu wananiajiri. Likiharibika, nakuja kulala sebuleni kwako."

"Sebule imejaa magunia."

Mdogo mtu alicheka. Dada mtu akawaza: huyu katumwa na nani?

Walipigilia vigingi, wakagawa shamba vipande vitatu. Cha kwanza hakitiwi kitu, cha pili mfuko mdogo, cha tatu ule mkubwa. Kwa kuwa unga hutiwa mvua ikianza, siku ya mvua haijulikani na yeye alikuwa na mashamba mengine, bwana shamba alimwachia dada yake kazi ya kutia.

"Nani atapima vizuri kuliko wewe?" alisema, akaondoka akipiga mluzi.

Mluzi ule ulimkera. Mtu mwenye moyo mweupe anapigia nini mluzi? Mvua ilipoanza, alichukua mifuko yote miwili akaimwaga kwenye kipande cha tatu, kule kwenye mtaro, mahali ambapo hata pakiharibika hapatamuuma. Alipoulizwa na mdogo wake, alijibu, "Nimefanya ulivyosema." Hakuona kuwa amedanganya. Aliona amejihami.

Mahindi ya kipande cha tatu yalidumaa, ncha za majani zikakauka. Ya cha pili yalipauka sawasawa na ya cha kwanza. Udongo ulipopimwa maabara, ule wa mtaroni ulikuwa umechachuka kupita kiasi kwa salfa iliyozidi, chokaa yake imesombwa na maji. Wa kipande cha pili haukubadilika hata chembe.

Mkuu wa kazi wa bwana shamba alikuja na karatasi ya majibu mkononi. "Kijana, ulipima kwa mizani au kwa koleo?"

Bwana shamba alimgeukia dada yake. "Dada, mfuko mdogo uliutia wapi?"

"Pale pale ulipopanga."

Alimtazama muda mrefu, mwanamke asiyewahi kukosea kipimo hata cha chumvi. Kisha akasema, "Basi nilikosea mimi vipimo, mzee."

Mama Hakikisha aliinamia jembe, akakwangua udongo ambao haukuwepo.

Wiki hiyo aliyatoa magunia sebuleni, akafagia, akatandika kitanda. Hakuna aliyekuja kukilalia.

Alikuwa amemchunguza kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Kipande cha mtaroni hakikuzaa kwa misimu mitatu. Mdogo wake alikosa ajira, na hakukanyaga tena nyumbani kwake.