Kulainisha Mvua ya Nyamira

Mume wangu ndiye aliyekuwa akipima mvua nyumbani kwetu Nyamira. Kila asubuhi saa tatu alimimina maji ya kipimamvua kwenye gilasi yenye alama, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, kisha akanitumia hesabu ofisini kwetu Kisii, idara ya hali ya hewa. Katika hilo alikuwa mbishi. Hata manyunyu aliyataka yaandikwe.

Mto ulimchukua alasiri moja, akivuka daraja la miti huku mvua kubwa ikinyesha. Kesho yake waombolezaji walijaa uani, na saa tatu ilipofika nilitoka nikapima. Chombo kilikuwa kimejaa. Gilasi moja haikutosha. Mama mkwe alinitazama kutoka mlangoni akasema, "Mwanangu, acha leo." Sikuacha. Sikulia pia. Niliiandika mvua ile kwa siku iliyotangulia, kama kanuni inavyotaka, nikarudi kukaa na wengine.

Mwaka huu tulitengeneza mchoro wa kuwaonyesha wakulima wa chai mvua ilivyonyesha Nyamira msimu ule. Mkubwa wangu, aliyehamia kwetu juzijuzi kutoka upande wa ziwa, aliweka kidole palepale mstari ulipopanda juu ghafla.

"Madam, hii mlima itashtua watu. Si ulainishe kidogo?"

Kulainisha si kazi. Unachukua siku saba, unatafuta wastani wake, unauweka kwenye siku ya katikati. Unasogea siku moja mbele, unarudia. Kompyuta huyamaliza yote kabla chai haijapoa. Ningeweza kumwambia mlima ule ni siku gani. Nilijua pia kwamba nikilainisha, siku hiyo haitaonekana tena. Lakini sikuwa na nguvu ya kupokea pole zake, basi nikabonyeza.

Mlima uliisha. Pakabaki mwinuko mpana tu, maji yake yamegawiwa siku tatu za kabla na tatu za baada.

"Sasa imetulia," alisema, akaenda kula.

Nilibaki nikiitazama siku moja kabla ya ile. Mchoro ulisema mvua ilinyesha vizuri. Siku hiyo jua liliwaka tangu asubuhi. Mume wangu alifua sweta aliyokuwa ameinunua soko la Daraja Mbili, akaianika uani, na kufikia jioni ilikuwa imekauka kabisa. Ndiyo aliyoivaa kesho yake.