Kisu Kilichonolewa kwa Jirani

Juzi nilipita Makadara, nikamwona mchinjaji akinoa kisu mbele ya mbuzi aliyemfunga mlangoni. Nikasimama, na harufu za ua wetu wa Mji wa Kale zikanijia: mbuzi, vitunguu vya biriani, ubani wa mzazi.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja ilikuwa akika ya ndugu yangu mchanga, sadaka ya kumchinjia mtoto aliyezaliwa. Mbuzi wa kuchinjwa alifungwa uani, nami nikimkuna shingo. Kinoo chetu kilikuwa papo hapo kando ya kisima, lakini babu alikiviringisha kisu ndani ya leso ya nyanya, akatoka nacho kwenda kwa jirani. Nikamfuata kichochoroni, nikidhani babu yangu, mbeba magunia wa bandarini, anamwogopa mbuzi.

Kwa jirani, kisu kikaanza kulia juu ya jiwe.

"Babu, kwani mbuzi anajua kisu ni nini?"

"Sijui, mjukuu wangu," akasema, bila kuinua macho. "Ningekuwa na hakika kwamba hajui, ningenoa nyumbani."

Pale Makadara nilimwomba yule mchinjaji akanolee ndani. Akacheka. "Kwani mbuzi ajua nini, mama?"

"Sijui," nikamjibu, nikatandaza buibui langu kati ya kisu na macho ya mbuzi.