Muujiza wa Utepe Mwekundu

Katika duka moja pale Laare, mama mwenye beji ya kanisa aliomba utepe mwekundu na chupa tupu, akavitundike kwenye miti yake ya miraa shambani. Alivyotundika mwanzo vilikuwa vimechakaa.

"Mama, huo si uchawi?" muuzaji akauliza.

"Chupa haina kitu. Ni mwizi tu anaogopa."

Mwalimu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akacheka. "Basi ni muujiza! Neno hilo tulilipata kwa Waarabu: jambo linalomwacha mtu hajiwezi."

"Ndiyo huo," mama akasema, akifunga kibeti. "Chifu hakumweza mwizi, chupa ikamweza."

Nami miaka yote nilidhani muujiza lazima utoke mbinguni!

Mwalimu alipofika kaunta, hakucheka tena. Aliinama, akanong'ona: "Nikatie kama ule wa mama. Nina kuku."