Marehemu Mzee Makame na Habari za Singo

Nilikuwa naamini, tena nikiwaapia wenzangu, kwamba kuna mashine inayosoma insha za wanafunzi wote wa nchi hii, na ikikuta sentensi moja haina rejea inakufuta jina, na ukishafutwa hata leseni ya vespa hupewi popote duniani. Habari hii alinipa jamaa mmoja pale Darajani, muuza chaji za simu, na mimi mtu mzima wa darasa la usiku nikaimeza bila maji. Aibu yangu yote ilianzia hapo.

Insha yangu ya mwisho ilihusu maandalizi ya bibi harusi Unguja. Kwa kuiogopa ile mashine nilikiwekea rejea kila kitu (kwamba pilau huliwa harusini, rejea, kwamba bibi harusi ni mwanamke, rejea). Ila habari za singo, yaani ule msuguo wa maua na liwa anaosuguliwa bibi harusi, sikuzipata kitabuni. Alinisimulia Bi Zuwena Makame, kungwi wa mtaani kwetu Ng'ambo, naye akanionya kutoka nyuma ya pazia:

"Nakwambia kwa sababu ya masomo yako. Jina langu lisionekane, kaka yangu atanitoa roho."

Kaka yake ni Mzee Khamis, na Mzee Khamis ndiye baba wa Rahma, na posa yangu kwa Rahma ilikuwa mikononi mwake ikingoja jibu. Kwa hiyo onyo la Bi Zuwena nililishika kama roho yangu. Lakini mashine nayo inataka jina. Ndipo nilipouona utamu wa ule mtindo wa rejea tuliofundishwa, wa watu wa fasihi na historia: unatanguliza jina la mwisho, na ndani ya insha unalitaja hilo hilo peke yake. Basi Bi Zuwena akawa Makame. Mashine imeshiba, mama wa watu kasitirika, na mimi nikajiona mwanazuoni.

Kwa kujiona huko, siku ya kuwasilisha insha mbele ya watu nikamwalika Mzee Khamis ajionee mkwe msomi. Akaja na kanzu iliyonyooka kama karatasi, pamoja na wazee wenzake wa msikitini, wakajaza mstari wa mbele. Nikasimama na koti la kuazima, nikakohoa kisomi, nikasoma: "Kwa mujibu wa Makame, bibi harusi husuguliwa singo mwili mzima, na Makame anasisitiza kwamba mapaja yasisahauliwe."

Mstari wa mbele wote ukageuka kumtazama Mzee Khamis. Nilichosahau ni kwamba Makame ni jina la baba wa Bi Zuwena na Mzee Khamis, marehemu Mzee Makame, aliyeadhini katika msikiti ule mpaka sauti ikamkauka, mtu ambaye hakuwahi kumtazama mke wa mtu usoni.

Mzee Khamis akainuka taratibu. "Mwanangu, baba yangu alikwambia haya lini?"

Nikisema si yeye, nitaulizwa ni nani, na huyo nani yuko kule nyuma, kajifunika buibui mpaka machoni, anatikisa kichwa. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba ni Makame mwengine, wa Makunduchi.

"Na huyo wa Makunduchi," akauliza mzee mmoja, kwa upole kabisa, "mapaja ya maharusi kayaonea wapi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje, isipokuwa mstari wa mbele. Na karatasi mkononi bado ilikuwa imejaa Makame, kila mstari, nami nikaisoma yote huku natamani ardhi ipasuke.

Posa ilirudi wiki hiyo hiyo. Nikaambiwa Rahma bado anasoma (Rahma kamaliza chuo kabla yangu). Bi Zuwena mpaka leo shikamoo yangu haiitikii. Nimeapa kutolitaja tena jina la mtu katika maandishi, hata la kwangu nikiweza.

Nikaenda kumlilia mwalimu wetu, Bi Salma, kwamba yote haya kayaleta yule muuza chaji na mashine yake. Akavua miwani, akanitazama kwa huruma.

"Hakuna mashine, Haji. Nazisoma mimi. Na habari za singo zinajulikana Unguja nzima, hazikuhitaji jina la mtu."