Mama Kenny na Watoto Waliobakizwa Darasa la Tano

Robinah tulimchagua kwa sababu ya Kiingereza chake. Nasema hivyo bila kumkosea heshima, maana hata yeye alijua. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, tulikuwa tumemaliza kuchimba mtaro wa maji chini ya shule, watu bado wana udongo miguuni. Mkuu wa shule aliwasimamisha wagombea wawili uwanjani na kutuambia tupange mstari, kila mzazi nyuma ya yule anayemtaka awe mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mmoja alikuwa Aimable, seremala, mtu mpole aliyetengeneza nusu ya madawati ya shule yetu. Mwingine alikuwa Robinah. Nyuma ya Aimable walisimama ndugu zake na majirani wachache. Mstari wa Robinah ulifika hadi kwenye choo cha wasichana.

Nilimuuliza mama aliyekuwa mbele yangu, "Mbona munamuacha Aimable?"

"Aimable atasema nini kule kwa wakubwa? Huyu anajua Kiingereza. Watamusikia."

"Lakini mikutano yao iko ya Kinyarwanda."

"Yewe, Mama Belise, unapendaka kubishana! Ingia mustari, jua inachoma."

Nikaingia.

Robinah alizaliwa Uganda, mtoto wa watu waliokimbia kutoka huku zamani. Alirudi akiwa msichana, akaolewa na askari, na kazi ya mume ndiyo iliyomleta Gisenyi. Mume alipofariki yeye alibaki. Alikuwa na mgahawa mdogo mtaa wa Nengo, nyuma ya nyumba kubwa za wageni, akiwapikia walinzi na mafundi chapati, maharage na chai ya maziwa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kusikika mbali, na mtoto wake pekee alikuwa Kenny. Nyumbani walisema Kiingereza wao wawili. Sisi tuliotoka upande wa Kongo tulikuwa tukipita mlangoni pake na kusikiliza tu, kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

Shule yetu iko juu ya kilima, nyuma ya mji. Ukisimama uwanjani unaona ziwa lote, na upepo wa ziwa ndio ulioondoa mabati ya madarasa mawili. Tangu siku ile watoto wanasoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Pesa ya serikali huja kwa hesabu ya vichwa vya watoto, na ikija inaishia kwenye chaki, sabuni na kufuli. Chakula cha mchana tunachangia wazazi, wanaoweza. Na kwa miaka miwili mfululizo shule yetu ilikuwa ya mwisho katika tarafa nzima kwenye mtihani wa darasa la sita.

Mkuu wa shule, Gasana, alikulia Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na wazazi wengine walimwogopa kwa sababu hiyo tu. Mwezi wa tatu alituita mkutanoni.

"Wazazi wapendwa," alisema, "mnajua kila mwaka mimi hutia saini imihigo, ahadi za kazi, na mwisho wa mwaka ninapimwa kwa ahadi hizo. Shule ikiwa ya mwisho tena, mimi nitahamishwa, na ninyi mtabaki na mapaa wazi. Shule zinazopanda ndizo zinazosikilizwa zikiomba mabati. Kwa hiyo ninapendekeza jambo moja. Mtoto wa darasa la tano asiyefika nusu ya alama asiende la sita. Arudie."

Watu walinung'unika. Nyirahabimana, anayevusha nyanya kwenda Goma kila asubuhi, alisimama.

"Direkta, mi niko na Jado darasa la tano. Kama niko kwenye barieri ya mupaka, yeye ndiye anabaki na mudogo wake mugonjwa. Atapata hiyo nusu wapi? Munataka kuhesabu watoto wazuri peke yao, wabaya muwafiche."

Gasana alimtazama Robinah. Robinah akainuka. Ninamkumbuka vizuri, na kanga yake ya njano.

"Mama Jado, hakuna anayefichwa," alisema. "Mtoto akirudia, anaelewa. Tukipanda, tunapata mabati, na huyo Jado atasoma bila kunyeshewa. Mwaka mmoja si kifo."

"We unasema hivyo juu Kenny wako anaongea Kiingereza kama muzungu!"

Watu walicheka. Robinah naye alicheka, akarekebisha kanga yake. Tulipoambiwa tunyooshe mikono, mikono ilikuwa mingi. Nyirahabimana alikaa, na mikono yake aliiweka kwapani.

Kenny kweli aliongea Kiingereza. Alikuwa na miaka kumi na minne, mkubwa kuliko wenzake, kwa sababu alichelewa kuanza na alikuwa ameugua mwaka mzima. Wakaguzi wakija, ni yeye aliyetolewa mbele kuwasalimia. Mwalimu Umuhire, aliyesomea Kifaransa maisha yake yote na sasa anatakiwa kufundisha kwa Kiingereza, alikuwa akisimama katikati ya somo na kumuuliza Kenny neno. Kenny alilitoa. Darasa zima likageuka kumwangalia. Nani angemdhania mtoto kama huyo hajui?

Mimi nauza ndizi na parachichi kando ya barabara, na mtoto akija kununua namwangalia usoni, ndiyo tabia yangu. Kenny akija na noti alikuwa hasemi kitu mpaka Belise wangu amwambie anarudishiwa ngapi. Halafu alisema "asante, shangazi" kwa haraka na kuondoka. Nilimwambia mama yake.

"Mama Kenny, umuangalie mutoto kwenye hesabu. Na daftari yake, umewahi kuifungua?"

"Kenny ni mvivu wa kuhesabu, lakini kichwa anacho. Unamsikia anavyosema?"

"Namusikia."

"Basi."

Sikurudia tena. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, huko Masisi, Kongo, na yeye alikuwa mwenyekiti.

Mtihani wa kumaliza la tano ulifanywa mwezi wa saba. Siku mbili kabla ya kusomwa majina ya wanaorudia, nilikuwa mgahawani kwa Robinah nikimletea ndizi, saa za mchana, wateja wameshaondoka. Gasana aliingia. Hakuagiza chai. Alisalimia akakaa kwenye benchi, kofia mkononi.

"Mama Kenny, naomba tuongee kidogo."

"Ongea tu. Huyu ni Mama Belise."

Alikohoa. "Kijana hakufika. Hesabu ni mbaya sana. Hata kuandika, Mama. Anaandika kama mtoto wa darasa la pili. Mwalimu Umuhire mwenyewe ameshangaa."

Robinah alikuwa akikanda unga. Mikono ilisimama.

"Kiingereza je?"

"Cha kusema kipo. Cha kuandika hakipo."

Gasana aliendelea kwa sauti ya chini. "Lakini wewe ni mwenyekiti. Bila wewe azimio hili lisingepita. Mtoto mmoja hawezi kuiangusha shule. Ninaweza kumpeleka la sita, tukampa mwalimu wa jioni. Nani atauliza?"

"Mama Jado atauliza."

"Mama Jado hajui alama za Kenny."

"Mimi nazijua," alisema Robinah. "Na ni mimi nitakayesimama kusoma majina. Nitamruka wangu, halafu nimsome wake, nikimwangalia?"

"Fikiria mtoto, Mama."

"Ninamfikiria yeye tu tangu umeingia."

Alipoondoka nilimwambia Robinah akubali. Nilisema Kenny ni mkubwa sasa, hatavumilia kukaa tena na wadogo. Alinijibu kwa hasira kwamba mimi naweza kusema, Belise wangu amepita. Hilo lilikuwa kweli. Nilichukua kikapu changu nikaenda.

Siku yenyewe tulikaa uwanjani, watoto upande mmoja, wazazi upande mwingine. Kwetu mwenyekiti wa wazazi ndiye husoma majina ya wanaobaki, ili mwalimu asilaumiwe. Kila jina likisomwa, mzazi anasimama ili wote wamwone amekubali. Walikuwa zaidi ya ishirini. Jado alisomwa mapema, Nyirahabimana akasimama, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa askari. Robinah aliendelea, jina kwa jina. Alipofika kwa Kenny alilisoma bila kupunguza sauti na bila kuiongeza.

Robinah mwenyewe alikuwa ameshasimama kwa sababu ya kusoma, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuinuka. Kule kwa watoto, Kenny aliangalia nyuma, kama anatafuta Kenny mwingine.

"Mwaka mumoja si kifo," alisema Nyirahabimana, akiwa bado wima.

Hakuna aliyecheka. Robinah alimaliza majina, akarudi kwenye kiti chake, akakunja mikono.

Mwezi wa tisa Kenny alirudi la tano. Dawati lilikuwa fupi, magoti yaliligonga kwa chini, kwa hiyo alikaa kando, miguu ikiwa njiani, na watoto wadogo wakairuka wakipita. Robinah alimtafutia mwalimu wa jioni, akafunga mgahawa mapema ili akae naye, lakini hesabu alizofundishwa Kenny, mama hakuzijua vizuri, na mtoto aliliona hilo pia. Wakaguzi walipokuja, Kenny alijitengeneza kola tayari kuitwa. Hakuitwa. Wangeuliza kwa nini kijana anayeongea hivyo yuko la tano. Walitanguliza msichana wa la sita aliyekariri salamu.

Wiki iliyofuata hakwenda shule. Robinah alimtafuta mjini kote, akamkuta Rubona, ufukweni, kwenye mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, akibeba mabeseni. Alimrudisha. Alirudi tena Rubona. Alimrudisha mara ya pili, wakapigana kwa maneno njiani hadi watu wa pikipiki wakasimama kuwaangalia. Mara ya tatu Kenny alipata mahali pa kulala kule kule, kwa mzee mmoja mwenye mtumbwi, Dauda. Robinah alikwenda shuleni kuuliza kwa nini shule haitumi mtu kumfuata mtoto. Akaambiwa kijana yumo kwenye hesabu ya shule, jina lake halijafutwa. Alielewa alipokuwa njiani kurudi. Vichwa ndivyo vinavyoleta pesa. Kwenye hesabu, Kenny alikuwa akisoma.

Mwaka ule la sita lilikuwa na watoto wachache, na matokeo yalipotoka mwezi wa nane shule yetu ilipanda. Haikuwa ya kwanza, lakini ilitoka mkiani, na siku ya kutangaza tulipigiwa makofi na tarafa nzima. Belise alipata shule ya bweni. Nilifurahi ndani ya nyumba yangu, mlango umefungwa, kwa sababu nje sikuona pa kufurahia. Gasana alihamishiwa shule kubwa ya mjini. Mabati tukaambiwa tusubiri bajeti nyingine, maana sasa shule iliyo mkiani ndiyo inayotakiwa kusaidiwa kwanza.

Robinah alikonda mwaka ule. Shule zilipokaribia kufunguliwa alinijia asubuhi. "Twende Rubona. Mbele yako hatanipigia kelele." Njiani alinionyesha shati jipya la shule alilomshonea, akasema mkuu mpya amekubali Kenny aingie la sita moja kwa moja, bila masharti, na kwamba hataki kitu chochote kutoka mkononi mwa mtoto ila jibu la kwamba atarudi.

Tulimkuta akiosha mtumbwi. Alikuwa na mabega ya mtu mzima. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo, shangazi," kisha akamgeukia mama yake na kuongea Kiswahili. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea Kiswahili na mama yake.

"Mami, niko na kazi saa hii."

"Jumatatu shule inafunguliwa. Wamekupa la sita."

"Wamenipa?" Alisugua ubao wa mtumbwi. "Hesabu nimezijua lini?"

"Utafundishwa."

"Na nani? Mwalimu Umuhire ataniuliza maneno. Mi nitamupa maneno. Halafu mtihani ukija, nitakuwa wa wale wanaangusha shule. Bwana Dauda ananilipa, Mami. Hapa hakuna anayeniita mbele ya wageni."

Robinah alishika lile shati kwa mikono miwili. Nilidhani atalia au atampiga. Mzee Dauda alijifanya hasikii, akafunga kamba iliyokuwa tayari imefungwa.

Kenny aliingia ndani ya mtumbwi, akachota sambaza kwa bakuli, akazimimina kwenye mfuko na kumpa mama yake. "Za wateja wako. Ni za usiku wa kuamkia leo, bado nzuri."

Mkono wa Robinah haukutoka mara moja. Kisha ulitoka. Aliuchukua mfuko, akaupima uzito kwa kuuinua kidogo, kama anavyofanya sokoni, akauliza, "Kesho utakuwa na nyingine?"

"Kama ziwa likikubali."

"Uniletee mapema, kabla walinzi hawajabadilishana zamu."

"Sawa."

Tulipanda barabara. Shati alikuwa amelikunja likawa dogo, ameliweka chini ya mfuko wa samaki ili maji yasilowanishe nguo aliyovaa.